Mke wa Nyamgondho apigiwe ala gani?

Shule zimefungwa, watoto wamerejea, na nyumba zetu za mijini zimekuwa kama soko la Gikomba. Kwangu mimi kelele za likizo hii zina jina moja: fidla. Kitinda mimba wangu, msichana wa miaka kumi na miwili, yumo katika okestra ya shule yao, na muhula uliopita walituita sisi wazazi tuje kuwasikiliza wakipiga Peter na Mbwa Mwitu. Nilivaa tai, nikaketi safu ya tatu, nikajiandaa kusinzia kwa heshima. Sikusinzia.

Kwa wale ambao hawajawahi kuisikia, hiyo ni kazi ya Mrusi Sergei Prokofiev, aliyoitunga mwaka wa 1936 kwa ajili ya jumba la michezo ya watoto mjini Moscow. Ni hadithi ya mvulana aliyetoka nje ya lango ilhali babu yake alikuwa amemkanya, akaishia kumnasa mbwa mwitu kwa kamba. Msimulizi mmoja huisoma, na okestra huicheza. Kila mhusika amepewa ala yake. Ndege ni filimbi, bata ni zumari, paka ni klarineti inayonyata, babu ni basuni, lile bomba refu la mti lenye sauti ya mzee aliyeudhika. Mbwa mwitu ni pembe tatu za shaba zikilia kwa pamoja, nazo bunduki za wawindaji ni ngoma kubwa. Peter mwenyewe ni fidla na ndugu zake wote wa nyuzi. Bata humezwa mzima mzima, na hadithi inapokwisha, ukitega sikio vizuri, utasikia zumari inalia kwa mbali mle tumboni mwa mbwa mwitu. Nilipoisikia niligeuka kumtazama mama watoto. Naye alikuwa ametega sikio vivyo hivyo, mdomo wazi.

Usiku huo tukiwa mezani binti akaniuliza, "Baba, na hadithi yetu sisi ni gani? Ile inayoweza kupigwa na okestra?"

Swali dogo, la mtoto mwenye ugali mdomoni. Nikamjibu upesi, kama wafanyavyo akina baba, kwamba hadithi ziko tele. Nikamwambia nitamsimulia ya Nyamgondho mwana wa Ombare, nikaanza palepale.

Hapo kale, chon gi lala kama tusemavyo kwetu, katika ufuo wa Gwassi paliishi mvuvi fukara aliyeitwa Nyamgondho. Hakuwa na mke, hakuwa na hata kuku. Alfajiri moja akauvuta mtego wake ziwani, akauona mzito. Akadhani ni kamongo aliyenona. Kumbe ndani ya mtego mlikuwa na ajuza, mbaya wa sura, wengine husema wa jicho moja. Nyamgondho akataka kumrudisha majini. Ajuza akamwambia, "Usinitupe, nipeleke kwako." Akamwonea huruma, akampeleka. Kulipopambazuka boma lilikuwa limejaa ng'ombe, mbuzi na kondoo waliomfuata yule mama kutoka ziwani. Mvuvi akawa tajiri. Akaoa wake wengine, akajenga, akazoea pombe. Usiku mmoja akarudi amelewa, akapata lango limefungwa, akaanza kumtukana mkewe wa kwanza: wewe kizee niliyekuokota ziwani, wewe takataka ya mtego! Yule mama hakujibu. Aliinuka, akashika njia ya ziwani, na kila kilichokuja naye kikamfuata nyuma: ng'ombe, mbuzi, kondoo. Nyamgondho akakimbia nyuma yao akiwaita. Hakuna aliyegeuka. Walipozama wote alisimama ufuoni, ameegemea fimbo yake, akitazama maji. Akawa mti palepale.

Binti akaniuliza, "Kwani aliondoka kimyakimya tu?"

Hapo nikakwama, msomaji wangu. Maana hakuondoka kimyakimya. Katika namna ya kwetu ya kuisimulia ngano hii, yule mama wa ziwani ana wimbo wake. Huuimba mara tatu: anapotolewa mtegoni, mifugo inapotoka majini, na anapoondoka. Sauti ni ileile kila mara, lakini maneno ya mara ya tatu ni mengine. Nilijua kwamba wimbo upo, ila mimi nilikuwa nimeusahau.

Na si kuusahau tu. Acha nikiri jambo ambalo hata mama watoto hakulijua hadi usiku huo. Desemba ya 1994, nikiwa mwanafunzi, nilikwenda Gwassi na redio kaseti, nikamrekodi nyanya yangu mzaa mama akisimulia ngano hii na nyingine tatu. Alifariki miaka miwili baadaye. Mwaka wa 1998 nilihitaji kanda ya kurekodi nyimbo za kipindi cha salamu redioni, nikaichukua ileile. Nilipokuja kuisikiliza tena, mwishoni kabisa, baada ya matangazo ya sabuni na nyimbo za watu, palikuwa pamebaki kama dakika moja: nyanya anakohoa, watoto wanacheka, kisha anasema "Thu tinda!", neno linalofunga ngano kwetu. Hilo ndilo lililosalia.

Basi binti akaweka uma chini, akasema, "Twende kwa Dani."

Kabla hatujaondoka niliketi jioni moja kutafuta ni vipi hao wenzetu wa Ulaya waliweza kuzipeleka ngano zao katika okestra. Nilidhani walikaa tu kwenye piano zao wakajitungia. Sivyo. Chukua mfano wa Jean Sibelius wa Finland. Nchi yake wakati huo ilikuwa chini ya Urusi, na wasomi wake wengi walizungumza Kiswidi. Sibelius mwenyewe alilelewa katika Kiswidi. Kifini alikifunza makali shuleni, kama watoto wetu wa Buruburu wanavyofundishwa lugha ya nyanya zao, ikiwa wanafundishwa. Daktari mmoja, Elias Lönnrot, alikuwa amezunguka vijijini kwa miguu akiandika tenzi za wazee, akazikusanya katika kitabu kiitwacho Kalevala mwaka wa 1835. Tenzi hizo ziliimbwa, na mara nyingine ziliandamana na kantele, ala ya kudonoa iliyokuwa na nyuzi tano hapo zamani.

Sasa sikiliza. Mnamo 1891, Sibelius akiwa kijana wa miaka 25 au 26, alikwenda katika mji wa Porvoo kumsikiliza ajuza mmoja wa kijijini aitwaye Larin Paraske. Mama huyo alikuwa maskini na hakujua kuandika, lakini kichwani alikuwa na zaidi ya mistari 32,000 ya tenzi. Sibelius alisikiliza jinsi sauti inavyopanda na kushuka, neno linapovutwa na linapokatwa. Mwezi wa Aprili, 1892, kazi yake kubwa ya Kullervo ilipigwa Helsinki, waimbaji wakiimba kwa Kifini, na watu wakasikia okestra ikizungumza lugha yao. Mwaka huohuo alipooa, fungate alikwendea Karelia, upande ule wa wazee wa tenzi. (Mama watoto aliposikia hayo alisema anamhurumia bibi harusi.) Miaka michache baadaye akatunga Bata-Maji wa Tuonela, ndege anayeogelea katika mto wa nchi ya wafu, naye akampa zumari nene yenye huzuni imwimbie peke yake.

Jirani yake wa mbali, Antonín Dvořák wa Bohemia, alifanya jambo la ajabu zaidi. Mwaka wa 1896 alitunga kazi kadhaa za okestra kutokana na tenzi za Karel Jaromír Erben, ambaye naye alikuwa mkusanyaji wa ngano. Hamna anayeimba humo, hamna msimulizi. Lakini mahali pengi Dvořák alichukua mstari wa utenzi, akaufuata silabi kwa silabi, akaukabidhi kwa fidla au filimbi. Maneno yaliondolewa, mwendo wake ukabaki. Mojawapo ni ya zimwi la maji linalomwoa msichana aliyetumbukia ziwani. Anaporuhusiwa kumtembelea mamake na kukawia kurudi, zimwi huja kubisha mlangoni usiku. Nilipoisoma niliwaza: huyu ni Nyamgondho aliyegeuzwa ndani nje. Kwao mtu wa nchi kavu hufungwa majini. Kwetu mtu wa majini ndiye anayefungiwa lango nchi kavu.

Kwa hiyo nyuma ya okestra zile kulikuwa na mtu aliyeketi kumsikiliza mzee. Jambo hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Nyanya yangu wa Gwassi alikuwa Larin Paraske wangu, nami nilimfunika na matangazo ya sabuni.

Tulisafiri kupitia Kisumu, Ahero na Katito, tukaingia Kendu Bay. Hapo huwezi kupita bila kusimama Simbi Nyaima. Ni ziwa dogo la mviringo, maji yake ya kijani, na kuna majira ambapo heroe hulijaza kingo zote rangi ya waridi. Wataalamu wa miamba husema ni shimo lililofumuliwa na volkeno. Wenyeji wana maelezo yao: hapa palikuwa na kijiji, watu wakila na kunywa katika karamu, akaja ajuza mgeni amelowa kwa mvua akiomba chakula na mahali pa kujisitiri, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkirimu. Ajuza akamwambia achukue watu wake aondoke, na usiku huo maji yakakimeza kijiji. Nyaima maana yake ni iliyozama. Marehemu Grace Ogot, mwandishi wetu maarufu, aliitungia kitabu kwa Dholuo.

Binti alisimama ukingoni akasema hii inahitaji ngoma, ngoma nyingi, kisha kimya cha ghafla. Nikamwona anaandika kitu katika daftari lake la muziki.

Safari ikaendelea: Homa Bay mjini, milima ya Ruri, Mbita, Sindo, kisha tukakata kuelekea Nyandiwa. Hapo ndipo penyewe. Wenyeji wanakuonyesha palipokuwa na mti wa Nyamgondho ufuoni, na alama kwenye mawe wanazosema ni kwato za ng'ombe wakirudi ziwani. Mtoto wa mjini aliyelelewa na televisheni aliinama akatia kidole katika shimo la kwato. Sikumwambia neno.

Jambo moja la kuwazia, hasa kwa wanafunzi mnaosoma fasihi simulizi: Gwassi ni nchi ya Wasuba. Wazee wa zamani wa huko walisema Olusuba, lugha ya Kibantu, na leo wengi wao wameingia katika Dholuo kabisa. Hata hivyo Nyamgondho yungali anasimuliwa. Ngano inaweza kubadilisha lugha ikaishi. Ila wimbo ulio ndani ya ngano hausafiri kwa urahisi hivyo, kwa sababu wimbo umeshonwa na lugha yenyewe.

Nieleze kidogo hapa. Dholuo ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti kuna maana. Neno kendo, kulingana na linavyotamkwa, laweza kuwa meko, au kuoa, au tena. Mtunzi akichukua maneno ya Dholuo akayabandika juu ya tuni yoyote iliyomjia, anaweza kumfanya bibi harusi awe jiko. Mpiga nyatiti mzuri analijua hili bila kufundishwa. Nyuzi zake hutembea na maneno.

Na kwa kuwa tumeitaja nyatiti, nami sina subira na wale wanaosema kwamba sisi hatukuwa na okestra. Mtazame jathum akiwa kazini. Ameketi kwenye kigoda, nyuzi nane zikidonolewa kwa vidole vya mikono miwili. Kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma, oduong'o, inayogonga mti wa ala yenyewe. Mguuni kuna njuga, gara, zinazojibu. Na juu ya yote hayo anaimba, anasifu, anasimulia, anatania waliohudhuria, anarudi kwenye hadithi. Nyuzi, chuma, njuga na sauti: idara nne chini ya mtu mmoja, bila yule wa kusimama mbele na kijiti. (Watoto humwita kondakta. Mimi kila nikimwona hungoja aseme "beba, beba".) Ongeza orutu, fidla yetu ya uzi mmoja, na ngoma za ohangla, uone kama kuna mbwa mwitu asiyeweza kunaswa.

Gita za benga zilizaliwa humo. D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Migori, na kufariki mwaka wa 2006, alipigisha gita lake mwendo wa nyatiti na akaendeleza kazi ya wasimulizi: wanyama na visa vya kale katika nyimbo zake walikuwa wakubwa wa siku zile, na wakubwa hao walielewa, ndiyo maana alitiwa korokoroni zaidi ya mara moja. Naye Ayub Ogada, aliyetutoka mwaka wa 2019, aliibeba nyatiti hadi Ulaya. Kothbiro, iliyomo katika albamu yake ya 1993, ni wimbo wa kuwaita watoto warudishe ng'ombe nyumbani kwa kuwa mvua inakuja. Mwaka wa 2005 ulitiwa katika filamu ya The Constant Gardener, iliyotungiwa muziki na Mhispania Alberto Iglesias. Kuna Mjapani, Anyango, aliyekuja kwetu kujifunza nyatiti akawa mashuhuri nayo kuliko wavulana wengi wa Migori.

Upande wa okestra ya Kizungu nako mambo yameanza. Pale Korogocho, tangu 2008, Ghetto Classics ya Elizabeth Njoroge imewashikisha fidla na tarumbeta watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kuzigusa. Kuna opera ya mvuvi, Ondieki the Fisherman, naye mwimbaji Rhoda Ondeng' Wilhelmsen amehangaika kuleta opera ya Kikenya jukwaani. Uganda kuna Justinian Tamusuza, ambaye fidla zake huzungumza kwa mwendo wa muziki wa Kiganda. Kundi la Marekani la Kronos Quartet lilimrekodi katika albamu yao ya 1992. Na mtu asiniambie hakuna elimu ya kuanzia. Profesa Washington Omondi, mmoja wa wale watano waliotutengenezea wimbo wa taifa, aliandika tasnifu nzima juu ya nyatiti katika Chuo Kikuu cha London mwaka wa 1980.

Kinachokosekana ni kile ambacho hakiandikwi na profesa. Kule ndani ya Migori kuna Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo, ambazo wataalamu husema yamkini zilijengwa karne ya 16. Mwaka wa 2018 zilitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Vyema. Mawe yana bango, yana mlinzi. Lakini ajuza anayeishi kilomita chache kutoka hapo, mwenye ngano arobaini na wimbo katika kila moja, hana hata mjukuu wa kumwuliza. Na sisemi shule hazifanyi kitu. Tamasha la Muziki nchini lina umri tangu 1927, na shule za Homa Bay na Migori hung'ara kila mwaka. Ila mara nyingi tuni hufunzwa kwa ajili ya kombe. Refa akishapuliza filimbi, kwa maneno mengine, mpira unarudi stoo.

Tulifika Karungu, kwa mama yangu, jua likizama. Mama ni mzaliwa wa Gwassi aliyeolewa huku upande wa Migori. Ana miaka sabini na tisa. Hasimulii ngano mchana, husema mtoto atadumaa. Kwa hiyo tulingoja tukala samaki, taa ikawashwa, ndipo binti akatoa fidla yake kwenye sanduku. Mama aliigeuzageuza mikononi, akagonga tumbo lake kwa kucha, akasema, "Hii ni orutu iliyosoma."

Binti alikuwa amekuja na mpango wake, kama Prokofiev. Nyamgondho atakuwa selo. Ng'ombe watakuwa pembe za shaba. Mke wa ziwani, kwa kuwa ni mzee na mbaya wa sura, atakuwa basuni. Nikamfasiria mama. Akataka kusikia hiyo basuni ni kitu gani. Binti akamtafutia kwenye simu. Mama akasikiliza, akacheka hadi akafuta machozi kwa leso.

"Nyakwara, huyo ni kiboko," akasema. "Ubaya ulikuwa machoni pa Nyamgondho. Sauti ya yule mama haikuwa na kasoro. Usimpe sauti ya kuchekwa."

Basi akaanza ngano. Sijui niwaelezeje. Nimemsikia mama akizungumza maisha yangu yote, lakini huyu hakuwa yule wa kuuliza bei ya sukari. Alipofika penye mtego akaimba, na mimi nikajikuta naitikia kabla sijajua kwamba nakumbuka. Mifugo ikatoka ziwani, akaimba mara ya pili. Binti alikuwa ameketi chini, upinde magotini, hajafahamu hata nusu ya maneno, lakini tuni ilipokuja mara ya pili niliona kichwa chake kinainuka. Aliitambua. Ndivyo alivyomtambua mbwa mwitu kwa pembe zake tatu. Nyanya zetu waliwapa wahusika wao tuni za kurudiwa kabla ya Prokofiev kuzaliwa, nasi tulidhani wanatubembeleza tulale.

Kisha Nyamgondho akarudi amelewa. Akatukana. Mama wa ziwani akainuka. Mama yangu akafungua kinywa kuimba mara ya tatu, akatoa mstari wa kwanza, akasimama.

Akaanza tena. Akasimama palepale.

"Yalikuwa yanasema…" akasema, kisha akanyamaza. Akanitazama mimi, kana kwamba ninayo. Nami nilikuwa nayo, msomaji, katika mkanda wa kaseti, hadi mwaka wa 1998. Nilitazama chini. Hakuna aliyesema neno kwa kitambo, tukasikia tu mawimbi na mbwa wa jirani. Mama alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya leso yake. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akitafuta neno akalikosa.

Binti ndiye aliyeokoa usiku ule, kwa kuwa hakujua kwamba kuna jambo la kuokolewa. Alisema kwa Kiswahili chake cha Nairobi, "Dani, imba tu bila maneno." Nikafasiri. Mama akafumba macho akaivumisha tuni kwa pua, yote, hadi mwisho, bila kukwama mahali. Maneno yalikuwa yamekwenda. Mwendo wake ulikuwa mzima. Nikamkumbuka Dvořák.

Binti akaitafuta kwenye nyuzi. Akakosea, akarudia, akaipata. Akaipiga yote, na alipofika mwisho akaipandisha kidogo, kama wanavyofunzwa, ipate kupendeza.

Mama akafungua macho. "Hapana. Hapo umemfanya aulize. Yeye haulizi kitu. Amekwisha kuamua. Ishushe."

Nikafasiri. Binti akaishusha. Mama akatikisa kichwa: bado. Akaishusha tena, polepole, hadi uzi mnene wa chini kabisa. Waliendelea hivyo hadi saa tano za usiku, mmoja hajui Kiingereza, mwingine hajui Dholuo, na mimi katikati yao nikazidi kukosa kazi. Safari hii nilirekodi, kwa simu, na asubuhi nikatuma nakala kwa kila ndugu ninayemjua.

Sasa nina ombi. Msomaji uliye na nyanya au shangazi huko Gwassi, Kaksingri, Nyandiwa, Karungu au Muhuru, muulize Jumapili hii, lakini usiku, tafadhali, kama anaijua namna ya Nyamgondho ambamo mke huimba akirudi ziwani, na anasema nini katika ubeti wa tatu. Niandikie kupitia gazeti hili. Mama anasema mstari wa kwanza unawataja ng'ombe kwa rangi zao, kuanzia mweupe.